Mvua Ilinyesha Ndani, Nje Jua Linawaka

Simu iliita saa mbili na nusu asubuhi, mwezi wa saba, nikiwa juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kwenye kazi nyingine Makambako. "Fundi, paa lako linavuja."

Nikatazama juu. Anga lilikuwa jeupe kabisa, hakuna hata wingu la kusingizia. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mvua huaga mwezi wa tano, na baada ya hapo unaweza kuanika mahindi uani wiki nzima bila kuwaza. Nikamuuliza, "Mama, kwani Njombe mvua imenyesha?"

"Haijanyesha. Lakini mgeni wa chumba namba saba ameamka shuka limelowa, na hivi ninavyoongea na wewe matone yanadondoka mezani. Njoo uone mwenyewe."

Nimepaua nyumba kwa zaidi ya miaka ishirini. Neno "linavuja" likitamkwa kuhusu paa ulilosimamia mwenyewe, usingizi unaruka. Na nyumba hii haikuwa nyumba ya mzaha. Ilikuwa nyumba ya wageni ya vyumba vinane, nje kidogo ya mji wa Njombe, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, na kiinua mgongo chake chote kilikuwa kimezama pale. Niliijua kila shilingi ilivyopatikana, kwa sababu alikuwa akija kazini na daftari lake, anaandika misumari kwa kilo.

Mama huyu hakutaka dari ya kawaida. Alitaka mgeni akilala chali aone kenchi za msindano zilizorandwa vizuri, na juu ya kenchi aone mbao safi, siyo bati. Tukakubaliana tupigilie plaiwudi juu ya kenchi, juu ya plaiwudi tupige papi, zile mbao nyembamba zinazoshika bati, na juu ya papi mabati ya msauzi geji 28. Plaiwudi ingeficha bati, ingepunguza kelele za mvua, na ingezuia baridi kidogo. Kwenye karatasi ilikuwa kazi nzuri, na hata leo nikiitazama picha ya siku tuliyomaliza naiona ni nzuri.

Tatizo la kwanza lilikuwa fedha. Chumba cha kwanza hadi cha tatu tuliweka plaiwudi ya msindano ya milimita 12 kutoka Mafinga, iliyogongwa muhuri wa herufi WBP, maana yake gundi yake inastahimili hali ya hewa na hata kuchemshwa. Fedha zikapungua. Chumba cha nne hadi cha sita tukaweka plaiwudi nyepesi ya milimita 9, ile laini inayouzwa kwa watengeneza makabati, haina muhuri wowote. Muuzaji alituambia plaiwudi ni plaiwudi tu, na mimi nikanyamaza. Chumba cha saba na cha nane tukamalizia na mbao za marini za milimita 18, zile zenye ngozi ya kahawia inayong'aa pande zote mbili, zilizobaki kwenye zege la ghorofa la ndugu yake. Tulizikwangua saruji, tukazisugua, zikapendeza kuliko zote.

Kwa hiyo bila kupanga nilikuwa nimejenga paa moja lenye plaiwudi za aina tatu, chini ya bati moja, kwenye baridi moja. Kama ningetaka kufanya jaribio makusudi nisingeweza kulipanga vizuri zaidi.

Nilipofika siku ile nilifanya kile ambacho karibu kila fundi angefanya. Nilipanda juu ya bati na bomba la silikoni, nikaziba kila skrubu, moja baada ya nyingine, kuanzia kwenye kofia, bati la kileleni, hadi kwenye gata, mfereji wa maji chini. Kisha nikaona upenyo chini ya mabati pale kwenye fishabodi, ubao wa ukingo wa paa, mahali migongo ya bati inapoacha uwazi. Mama alikuwa amelalamika kwamba popo na upepo wanapita pale. Nikasema hapa ndipo umande unapoingilia. Tukaziba uwazi wote kwa povu la kopo, upande wa mbele na wa nyuma, na chini ya kofia pia. Nikaondoka nikiwa na amani.

Wiki iliyofuata simu ziliita kila siku. Chumba cha saba, cha nane, na sasa cha pili. Chumba cha nne hadi cha sita vilikaa kimya, nikajipa moyo kwamba kule angalau kazi ilikuwa imara. Hakuna kitu kilichonidanganya kama ukimya ule.

Nikaamua kulala pale. Nilimwomba mama anipe chumba cha saba, akanipa na blanketi la ziada. Usiku ule ulikuwa wa baridi kali, nyota zote nje, hakuna upepo. Saa kumi na moja alfajiri niliamka, nikawasha tochi, nikapanda ngazi hadi pua yangu ikakaribia plaiwudi.

Ile ngozi ya kahawia ilikuwa imetoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Vitone vidogo vidogo, maelfu, vimejipanga sawasawa. Niliweka kidole, vikaungana vitatu vikawa kimoja kizito, kikateremka kufuata mteremko wa paa hadi kwenye kenchi, kikaning'inia hapo. Pale ambapo misumari ya papi ilikuwa imetokeza ncha chini ya plaiwudi, kila ncha ilikuwa imebeba tone lake, na kuzunguka kila msumari kulikuwa na duara jeusi la kutu. Nilihesabu misumari kumi na minne mfululizo, yote ina tone. Chuma hupoa kabla ya mbao, ndiyo maana maji yalikuwa yamechagua misumari kwanza.

Nikashuka, nikatoka nje kwenye nyasi. Sakitu, umande ulioganda, ilikuwa imeanguka, nyasi zinavunjika chini ya viatu. Nikaegemeza ngazi, nikainua ukingo wa bati moja pale juu ya gata, baada ya kukata povu langu mwenyewe kwa kisu. Chini ya bati kulikuwa na barafu nyembamba, nyeupe, kama chumvi iliyomwagwa.

Nikasubiri. Jua lilipanda juu ya miti, saa mbili likafika kwenye bati, na saa mbili na robo mvua ikaanza. Namaanisha mvua kweli, kati ya bati na plaiwudi, niliisikia ikigonga mbao. Barafu ilikuwa inayeyuka. Maji yakaanguka juu ya plaiwudi, yakateremka, yakakuta papi. Na papi zangu zilikuwa zimelala kwa mlalo, zimebanwa moja kwa moja juu ya plaiwudi, kila moja ukuta mdogo wa sentimita 5. Maji hayakuwa na pa kwenda. Yakajikusanya nyuma ya kila papi kama nyuma ya bwawa, hadi yakapata maungio ya mbao mbili, yakapita, yakaangukia meza ya mgeni. Ndiyo sababu simu ya mama ilikuwa inapigwa saa mbili na nusu na siyo usiku wa manane.

Nilisimama juu ya ngazi ile nikielewa nusu ya jambo. Nilielewa maji yalipitia wapi. Sikuelewa yalitoka wapi, kwa sababu mvua hakuna.

Kabla sijafanya chochote nilipita Mafinga kununua mbao za marini nane za kuanzia, nibadilishe vyumba vyote viwe na "plaiwudi nzuri". Hilo ndilo lilikuwa wazo langu, kwamba dawa ni mbao bora zaidi. Pale kwenye ghala nikamkuta mzee mmoja ninayemheshimu, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha plaiwudi, kwenye mashine za kumenya vinia, yale matabaka membamba ya mbao yanayogundishwa kuwa plaiwudi, na baadaye kwenye mashine ya kubana gundi. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, kamwene. Marini zote hizo za nini?" Nikamweleza.

Akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Wanapikia wapi?"

Nikasema, "Ndani, jiko liko ukuta mmoja na chumba cha saba. Gesi."

"Na wageni wanaoga maji ya moto?"

"Asubuhi na jioni."

"Na nguo?"

Nikakumbuka kwamba kipupwe chote mama alikuwa anaanika mashuka kwenye korido, maana nje hayakauki. Mzee akacheka kidogo, lakini kwa upole, akaniambia nikae kwenye rundo la vinia.

Alivyonieleza nimekuwa nikieleza wengine tangu siku ile. Hewa hubeba maji usiyoyaona, na hewa ya joto hubeba mengi kuliko ya baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba karibu gramu 17 za maji. Ikipoa hadi nyuzi 5 inaweza kubeba karibu gramu 7 tu. Zilizobaki lazima zitue mahali, na hutua kwenye kitu cha baridi kuliko vyote kilicho karibu. Chumba chenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60 kinaanza kutoa jasho kwenye kitu chochote chenye nyuzi 12 au chini yake. Na bati usiku wa anga jeupe hupoa hata kuliko hewa inayolizunguka, kwa sababu joto lake linapanda moja kwa moja kwenda angani bila wingu la kulizuia. Ndiyo maana sakitu huanguka usiku wa nyota na siyo usiku wa mawingu.

"Sasa piga hesabu," akasema. "Watu wanne wakiishi, wakipika, wakioga na kufua, kwa siku wanaweza kuachia hewani lita kama kumi. Hata gesi yenyewe ikiungua inazaa maji. Kilo moja ya gesi inatoa zaidi ya lita moja na nusu."

Mimi nilidhani sufuria ndilo linalotoa mvuke. Sikujua kwamba moto wenyewe unatoa. Mtungi wa kilo 15, ambao jiko lile lilikuwa linamaliza kwa muda mfupi tu, ulikuwa unapandisha zaidi ya lita 22 za maji kwenye hewa ya nyumba. Ongeza wageni kumi na sita wanaopumua usiku kucha. Ongeza nyumba yenyewe, ambayo ilikuwa imepigwa plasta miezi minne tu kabla ya kufunguliwa, na kuta mpya huachia maji ya ujenzi taratibu kwa miezi mingi. Yale maji yote yalikuwa yanatafuta njia ya kutoka, na mimi nilikuwa nimeyazibia kwa povu la kopo.

Nikamwuliza, je marini hazizuii mvuke? Akasema zinazuia sana, ile ngozi yake ni kama nailoni. Lakini mvuke haupiti katikati ya mbao, unapita kwenye maungio, kwenye matundu ya taa, juu ya ukuta usiofika kwenye paa. Upenyo mdogo unaopitisha hewa unabeba maji mengi kuliko plaiwudi nzima inayopitisha mvuke polepole. Nikakumbuka ukuta wa jiko. Ulikuwa umeishia vidole vitatu chini ya plaiwudi, kati ya kila kenchi na kenchi, kwa sababu nilimwambia fundi mwashi nafasi ile isiyoonekana haina maana.

Zile marini nane sikuzinunua.

Tulifungua paa mwezi wa tisa, baridi ilipopungua na kabla mvua hazijarudi. Nilikwenda na vijana watatu na kipimo cha unyevu cha sindano mbili, nilichoazimwa na mnunuzi wa mbao. Hapo ndipo kila plaiwudi ilipotoa ushahidi wake.

Marini za chumba cha saba na cha nane zilikuwa na madimbwi yaliyokauka juu yake, alama za kahawia nyuma ya kila papi, kama pwani maji yanapopwa. Katikati ya mbao kulikuwa kukavu. Lakini pale tulipokata kwa msumeno hatukupaka chochote, na kwenye kingo zile maji yalikuwa yameingia, mbao imevimba, unene umeongezeka hadi ngozi imepasuka. Marini haikunywa maji, kwa hiyo ilituonyesha maji yote, usiku uleule. Ndiyo iliyopiga kelele kwanza, nami nikaihesabu kuwa mbaya kuliko zote.

Plaiwudi ya msindano ya chumba cha kwanza hadi cha tatu ilikuwa na madoa, imebadilika rangi, baadhi ya mahali kipimo kilisoma asilimia 21 na 22. Lakini tabaka zake zilikuwa zimeshikana. Usiku ilikuwa inakunywa, mchana inarudisha. Mbao isiyo na ngozi ikilowa hupitisha mvuke zaidi kuliko ikiwa kavu, kwa hiyo ilikuwa na uwezo fulani wa kujikausha yenyewe. Ilidondosha siku za baridi kali tu.

Kisha tukafungua chumba cha tano, katika vile vilivyokuwa kimya.

Kijana wangu aliweka goti juu ya plaiwudi ili ang'oe papi, na goti likazama. Hakuanguka, kenchi ilimshika, namshukuru Mungu. Tulipoinua ile mbao ilitoka kwa matabaka, vinia moja mkononi mwake, nyingine imebaki kwenye misumari, na kati yake unga mweusi wa kuvu wenye harufu ya uyoga mbichi. Upande wa chini, ule ambao mgeni aliuona kila siku, ulikuwa bado na vanishi yake na unapendeza, umepinda kidogo tu. Plaiwudi ile haikudondosha hata tone kwa sababu ilikuwa inameza kila kitu. Mbao ikikaa juu ya asilimia 20 ya unyevu kwa muda mrefu inakuwa shamba la kuvu, na kipimo pale kilikuwa kinasoma 28. (Kwenye plaiwudi gundi inaweza kudanganya sindano, kwa hiyo namba hizo sizishiki kama sheria, lakini goti la kijana halikuhitaji namba.)

Jioni ile nilichukua vipande vitatu, kimoja cha kila aina, ukubwa wa kiganja, nikavitia kwenye sufuria kuukuu juu ya moto wa kuni. Mzee ndiye aliyenifundisha. Kiwandani kipimo kamili cha gundi ya WBP ni kuchemsha kwa saa 72, lakini kwa fundi anayetaka kujua ananunua nini, jioni moja inatosha kutenganisha uongo na ukweli. Kipande cha plaiwudi nyepesi kilianza kufunguka kabla ya saa moja kuisha. Maji yakawa na povu na harufu kali ya kuwasha macho. Vinia zake zikaachana zenyewe, nikazitoa moja moja kwa kijiti. Gundi yake ilikuwa ya ndani ya nyumba, ile ya yurea, haipatani na maji kabisa. Vile viwili vingine vilichemka hadi tulipokwenda kulala, asubuhi tukaviwekea moto tena hadi mchana, vikatoka vimevimba lakini vimeshikana. Mama alikuja akasimama kando ya moto, akatazama zile vinia zilizotapakaa, hakusema neno. Akaokota moja, akaifunga kwenye daftari lake.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi tunalikosea, na mimi nililikosea kwa miaka. Gundi nzuri siyo mbao nzuri. WBP inakuambia tabaka hazitaachana, haikuambii mbao haitaoza. Gundi inabaki imara wakati msindano wenyewe unaliwa na kuvu, usipotiwa dawa. Hata jina "marini" madukani kwetu linapotosha. Plaiwudi ya kutengenezea boti ina kiwango chake, Waingereza wanakiita BS 1088, kinachoangalia aina ya mti na mashimo ya ndani. Ile ya ngozi ya kahawia ni ya kumwagia zege. Ni mbao nzuri kwa kazi yake, ila tumeipa jina la jamaa yake.

Tukajenga upya. Safari hii nilianza na ukuta wa jiko. Tuliupandisha hadi juu, tukaziba kila upenyo kati ya kenchi. Jikoni tukatoboa ukuta wa nje, tukaweka feni ya kuvuta hewa, na kila bafu ikapata yake. Mashuka yakajengewa kibanda chenye kuta za wavu nje, chini ya bati, mbali na nyumba.

Juu ya kenchi tukarudisha plaiwudi ya msindano, iliyopakwa dawa pande zote na kwenye kingo hasa, na kila ungio likakaa juu ya kenchi, siyo hewani. Juu yake nailoni ngumu ya geji 1000, ileile tunayotandika chini ya sakafu, tukaikunja juu ya mwenzake sentimita 15 na kuigundisha kwa utepe. Nailoni inakaa upande wa joto, yaani upande wa watu, ili mvuke usifike kwenye baridi. Watu huiweka juu, moja kwa moja chini ya bati, kwa kuogopa mvua, na huko inageuka kuwa bati la pili. Juu ya nailoni sufi ya kioo, nyuzi laini za kuzuia baridi, ya sentimita 5 katikati ya mbao za mbili kwa mbili. Juu ya sufi kitambaa cha paa kinachopitisha mvuke lakini hakipitishi maji, nilichoagiza Dar es Salaam. Kilikuwa ghali, na mimi na mama tulibishana kuhusu bei yake na ya sufi. Alishinda kwenye sufi, mimi nikashinda kwenye kitambaa.

Kisha likaja jambo dogo ambalo naona ndilo lililookoa paa. Kabla ya papi za mlalo tulipiga papi za kupanda, kutoka kwenye gata kwenda kwenye kofia, juu ya kila kenchi. Papi za mlalo zikakaa juu yake. Sasa kati ya kitambaa na bati kuna njia ya sentimita 5 iliyo wazi toka chini hadi juu. Tone likianguka linateremka juu ya kitambaa na kutokea kwenye gata bila kukutana na ukuta. Hewa inaingia chini, pale nilipoziba kwa povu, kupitia uwazi wenye wavu wa kuzuia popo, inapanda, inatoka chini ya kofia tuliyoiinua. Bati bado linatoa jasho alfajiri, hilo siwezi kulizuia, ni tabia ya bati. Ila jasho lake halina tena wa kumlowesha.

Nusu ya gharama ya fundi niliibeba mwenyewe. Mama hakuniomba. Nilimwambia, "Mama, nilinyamaza dukani wakati muuzaji anasema plaiwudi ni plaiwudi, na mimi ndiye niliyepaswa kusema." Akanijibu, "Na mimi ndiye niliyetoa fedha pungufu. Kunywa chai." Wageni aliowarudishia fedha kipupwe kile, vyumba vilivyofungwa miezi mitatu, hayo hayakurudi, na bado yananiuma.

Nikaanza kuona mambo niliyoyapita maisha yangu yote. Nyumba za zamani za misheni huku kwetu zina matundu ya hewa juu ya kila dirisha, matofali yenye vitobo. Siku hizi tunajenga bila hayo kwa sababu ya mbu na baridi, tunaweka madirisha ya alumini yanayobana sawasawa, halafu tunashangaa ukuta wa chumba cha kulala una kuvu. Nyumba ya nyasi ya bibi yangu mzaa mama ilikuwa na moto katikati usiku kucha, chungu hakikutoka mafigani, na sikumbuki tone hata moja. Moshi na mvuke vilipita katikati ya nyasi. Siombi turudi kwenye nyasi. Nataka tu kusema kwamba bibi hakuziba paa lake.

Miaka michache baadaye niliitwa Dar es Salaam, Kigamboni, na mteja aliyeona kazi ya Njombe. Alitaka nimfanyie vilevile, nailoni juu ya plaiwudi ya dari, upande wa watu. Nilikaribia kukubali. Chumba chake kilikuwa na kiyoyozi kinachokesha kwenye nyuzi 18, na nje ni joto la pwani lenye unyevu mzito. Nikapanda darini, nikakuta dari yake ya zamani ina kuvu upande wa juu na siyo wa chini. Kule mvuke unatembea kinyume, unatoka nje kuja ndani, na kitu cha baridi ni dari yenyewe. Nailoni upande wa watu ingekusanya maji juu yake mwaka mzima. Tulipandisha kiyoyozi hadi nyuzi 25, tukaziba matundu ya taa, tukaweka sufi yenye foili, foili ikatazama juu kwenye joto. Plaiwudi tuliyotumia ilikuwa ileile ya msindano. Kilichobadilika ni upande wa kuzuia mvuke.

Kila kipupwe narudi Njombe, mwezi wa saba, na kulala pale usiku mmoja. Mama ananipa chumba cha saba bila malipo. Alfajiri natoka nje na tochi na kusimama chini ya gata, nasikia maji yanayotoka juu ya kitambaa, tone, kimya, tone, yakiangukia kwenye ndoo aliyoiweka kwa ajili ya maua yake. Kisha naingia na kipimo chumba kwa chumba. Mwaka jana vyote vilisoma kati ya asilimia 12 na 14, isipokuwa chumba cha tano. Pale karibu na kofia, upande wa kusini, kilisoma 18. Nadhani wavu umeziba kwa majani ya mkaratusi, au panya wameburuta sufi. Nimemwambia mama tutafungua bati mbili mwezi wa tisa, yeye ameshaandika kwenye daftari.